Nailoni huchanikia penye chuma

Mchaniko wa kwanza niliuona Jumapili moja ya Januari, saa nane mchana, nikiwa nimepiga magoti ndani ya kaushio letu, banda la kukaushia samaki, pale Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, nageuza dagaa. Mstari mwembamba wa mwanga ulikatiza juu ya chekeche, mkali kuliko mwanga mwingine wote mle ndani. Nikainua uso. Nailoni ya paa ilikuwa imepasuka kufuata bomba la chuma, kona hadi kona, imenyooka kama vile mtu kapitisha wembe kwenye rula. Nilipoigusa pale pembeni ilivunjika vidoleni kama ganda la yai. Nusu mita kutoka hapo, katikati ya paa, ilikuwa bado laini, bado inavutika, bado unaona mawingu kupitia kwake.

Ilikuwa na miezi minne tu tangu tuifunge.

Huku kwetu kila plastiki ya karatasi inaitwa nailoni. Kwa kemia, nailoni ni polima (kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo) nyingine kabisa iliyovumbuliwa miaka ya 1930, na hii tunayofunga kwenye makaushio ni poliethilini. Tofauti hiyo nimeisomea miaka, lakini nikiwa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nasema nailoni, maana hilo ndilo neno linaloeleweka dukani.

Mama yangu alikuwa anakausha dagaa kabla sijazaliwa. Dagaa wa ziwa letu, wataalamu wanawaita Rastrineobola argentea, huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Alfajiri mitumbwi inarudi, akina mama wananunua kwa ndoo, wanawamwaga mchangani, juu ya majabali au juu ya nyavu kuukuu. Jua likiwa zuri, jioni wamekauka na wanang'aa kama vipande vya bati. Mvua ikinyesha, hadithi ni nyingine. Nilipokuwa kidato cha pili masika ilimkamata mama siku tatu mfululizo. Siku ya nne tuliwakusanya kwa koleo, tukawauza kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na muhula ule nilirudi shule wiki mbili baada ya wenzangu. Sijawahi kusahau harufu ya zile siku. Nilipoanza kusomea kemia, nilijua ninatafuta nini: kitu cha kukaa kati ya mvua na dagaa, kinachoruhusu jua lipite.

Nilipata nafasi ya shahada ya pili nje ya nchi, kwenye maabara iliyokuwa ikihangaika na jambo moja: kutengeneza karatasi ya plastiki isiyo na rangi kama kioo, inayokunjika, isiyolegea hata kwenye nyuzi joto 300. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni suala la kupata plastiki ngumu zaidi. Sivyo, na inafaa nieleze kwa nini, kwa sababu ndipo nilipojifunza kuheshimu kazi hii.

Plastiki angavu tulizozizoea hazina uvumilivu wa moto. Akriliki hupitisha kama asilimia 92 ya mwanga, lakini ikifika karibu na nyuzi 105 inalegea. PET, ile ya chupa za maji, huanza kulegea kati ya nyuzi 70 na 80, na ndiyo sababu ukitia chai ya moto kwenye chupa ya maji inajikunyata mbele ya macho yako. Polikaboneti inajikaza mpaka karibu 147. Upande wa pili wa mto kuna poliimidi. Kampuni ya DuPont iliitoa miaka ya 1960 kwa jina la Kapton, na inafanya kazi kuanzia baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 400. Kivuli cha darubini ya James Webb, iliyorushwa angani Desemba 2021, ni tabaka tano za Kapton. Tabaka nne kati ya hizo zina unene wa mikroni 25. Ukipanga karatasi 40 za unene huo ndipo upate milimita moja. Ila Kapton ina rangi ya chai ya rangi.

Na rangi hiyo inatoka palepale inapotoka nguvu yake. Mnyororo wa poliimidi umejengwa kwa vipande viwili vinavyopokezana: kimoja kina elektroni za kugawa, kingine kina njaa ya elektroni. Minyororo ikilala imebanana, mwenye nazo na mwenye njaa wanakaribiana, elektroni zinavutwa kutoka huku kwenda kule, na katika kuvutwa huko zinameza mwanga wa buluu na urujuani. Mwanga mweupe ukinyang'anywa buluu, jicho linabaki na njano. Lakini kubanana huko ndiko kunakoizuia polima isilegee motoni. Ukiilegeza minyororo ili upate uangavu, unapunguza na uvumilivu. Kazi yote ya fani hii ni kupatanisha hao wawili.

Zipo njia. Moja ni kupachika kwenye mnyororo makundi ya kaboni na florini, ambayo ni manene, hivyo yanaweka nafasi kati ya mnyororo na mnyororo, na pia yanazishika elektroni zisitembee ovyo. Nyingine ni kutumia vipande visivyo na pete za benzini, yaani duara za atomi sita za kaboni, ambavyo havina elektroni za kugawa. Hivyo vinakuwa angavu sana lakini vinaungua mapema zaidi. Poliimidi isiyo na rangi ndiyo iliyofunika skrini ya simu ya kwanza ya kukunjwa ya Samsung mwaka 2019. Sisi tulikuwa tunafuata njia ya florini.

Kila asubuhi nilipima unga wa aina mbili, nikayeyusha mmoja kwenye kiyeyusho, nikaongeza wa pili polepole huku nikikoroga. Baada ya saa kadhaa ulikuwa uji mzito, ukiinua mwiko unashuka kwa uzi mrefu kama asali. Unaumwaga juu ya kioo, unapitisha kisu kinachoacha unene mmoja kote, kisha oveni: nyuzi 80 kwanza, halafu 100, 200, 300, kila hatua na muda wake. Ndani humo atomi za mnyororo zinajifunga kuwa pete, na kila pete inayojifunga inatoa molekuli ya maji. Ukiharakisha moto, maji hayo yanatafuta njia ya kutoka na karatasi inavimba malengelenge kama chapati. Ukienda taratibu, unatoa kioo ambacho hata huoni kama kina kitu juu yake. Unakilaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kusubiri. Kona moja inainuka. Kisha ukingo mzima. Halafu karatasi inajivua yenyewe na kuelea, na hutaiona mpaka taa ya darini iakisi juu yake.

Miezi mitano ya kwanza za kwangu zilitoka na njano. Nilibadilisha joto la oveni, nikabadilisha muda, nikajaza oveni naitrojeni ili hewa isiunguze kitu. Ikapungua kidogo, haikuisha. Siku moja msimamizi wangu alichukua chupa ya ule unga wa kwanza, akaiweka juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia karibu na dirisha. Unga niliokuwa nauita mweupe ulikuwa na wekundu wa mbali, kama unga wa muhogo uliokaa sana. "Rangi haikutokea kwenye oveni," akaniambia. "Imeingia na unga." Sehemu ya unga ilikuwa imeshagusana na hewa kwenye chupa na kuoza kikemia kabla hata sijaifungua. Tuliusafisha kwa kuufukisha na kuugandisha upya, na karatasi ya wiki ile ilitoka kama maji ya kisima. Miezi mitano nilikuwa napambana na oveni isiyokuwa na kosa kubwa.

Somo hilo nililiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Hata hivyo halikunizuia kulirudia kosa lilelile nyumbani.

Niliporudi Mwanza nilipata kazi ya kufundisha, na akiba ya kwanza niliiweka kwenye kaushio la mama. Fundi wa kuchomelea wa Nyakato alitengeneza fremu kwa skwea paipu, urefu mita sita, paa la upinde. Mimi ndiye niliyesema ipakwe rangi nyeusi. Nilijieleza kisomi kabisa: cheusi kinameza jua, kaushio litapata joto, dagaa watakauka upesi. Fundi alipaka. Tukavuta nailoni tuliyoinunua dukani, tukaambiwa ni ile ya kitalu cha mboga, ya kudumu.

Siku za kwanza nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Nje nyuzi 29, ndani 63. Mama aliingia mchana, akakaa muda mfupi, akatoka na dagaa mmoja mkononi. Akamvunja katikati. Nje alikuwa mkavu na mgumu, ndani alikuwa na unyevu na ameiva.

"Mwanangu, hawa umewapika."

Alikuwa sahihi. Samaki akipata joto kali kabla hajapoteza maji, ngozi inakauka haraka na kuwa kama mlango uliofungwa. Maji ya ndani hayana pa kutokea, na usiku ndani ya gunia anaanza kuvunda. Tangu siku ile mama anafungua milango ya pande zote mbili saa za mwanzo, upepo wa ziwa upite, na anaifunga dagaa wanapoanza kulia wakiguswa, ule mlio wa majani makavu. Hakuna haja ya kuzidi nyuzi 55. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu lilikuwa limeshaniambia jibu zima na mimi sikulisikia: kazi ya dagaa haihitaji karatasi ya nyuzi 300. Haihitaji hata ya nyuzi 100.

Kwa hiyo ilipopasuka ile Januari, akili yangu ilikwenda ilikozoea. Joto. Plastiki hii haivumilii joto. Nikatafuta nailoni nene zaidi, ya bei karibu mara mbili. Tukaifunga Februari. Agosti ikapasuka, mistari ileile, mabomba yaleyale. Siku hiyo mvua haikuwepo, tulikuwa na bahati, lakini mama alikuwa ameshaniamini na pesa zake zilikuwa mle. Alikaa juu ya ndoo, akaiangalia, hakusema neno. Afadhali angesema.

Nilimwita fundi aje kuangalia kama fremu imepinda. Alizunguka mara moja, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo uliochanika, akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe mwezi wa Januari: "Dada, mbona inachanikia penye chuma tu? Ingekuwa joto la humu ndani si ingechanika kote?"

Kesho yake nilileta themomita ya waya kutoka shuleni na gundi ya karatasi. Saa saba mchana, jua la utosi. Katikati ya paa, nailoni ilisoma nyuzi 47. Juu ya bomba jeusi, mahali pale pale nailoni inapolalia chuma, ilisoma 76. Nilibandua, nikabandika bomba la pili. 74. La tatu, 77. Hewa yote ya kaushio ilikuwa 52 na mimi nilikuwa nimeishi na namba hiyo moja nikidhani ndiyo joto la plastiki.

Poliethilini haiyeyuki kwenye nyuzi 76. Ya aina hii huyeyuka kati ya 105 na 115. Lakini kuoza kwake hakungoji kuyeyuka. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inakata kifungo kwenye mnyororo, oksijeni inaingia pale palipokatika, na mmenyuko unajiendesha kutoka mnyororo hadi mnyororo. Kanuni ya kukadiria wanayoitumia wanakemia ni kwamba nyuzi kumi zikiongezeka, mmenyuko unakwenda kama mara mbili. Kati ya 47 na 76 kuna karibu nyuzi thelathini. Piga mara mbili, mara mbili, mara mbili. Ongeza kutu, maana chuma chenye kutu chenyewe kinachochea poliethilini kuoza. Ongeza upepo wa alasiri kutoka ziwani, ambao unaisugua nailoni dhidi ya bomba maelfu ya mara kwa siku. Vyote hivyo kwenye mstari wa upana wa sentimita tatu. Na rangi nyeusi niliichagua mimi.

Kabla ya kubadilisha chochote nilitaka kuona kwa macho. Nilichukua ubao, nikaupigilia bomba moja jeusi kwa juu, nikavuta vipande vya karatasi mbalimbali vikilalia bomba nusu na nusu nyingine hewani, nikauweka juu ya bati la nyumba. Kulikuwa na nailoni ya kawaida, nailoni iliyotiwa dawa ya kuzuia urujuanimno, PET, na kipande cha poliimidi yangu isiyo na rangi, ukubwa wa kiganja, ambacho nilirudi nacho nchini ndani ya daftari. Niseme ukweli, hicho nilikiweka nikijua kitashinda.

Mwanza ipo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua letu halina mzaha. Baada ya miezi minane nilishusha ubao. Nailoni ya kawaida ilikuwa imebaki vipande. PET ilikuwa na njano na ilipasuka nilipoikunja. Nailoni yenye dawa ilikuwa nzima hewani, na juu ya bomba imeanza ukungu mweupe. Poliimidi haikuonyesha tofauti yoyote kati ya nusu ya bombani na nusu ya hewani. Chuma cha nyuzi 76 hakikuifanya lolote. Lakini yote ilikuwa imegeuka njano, uso umeingia ukungu, na kona niliyoikunja kidogo ilikatika.

Nilikishika kile kipande muda mrefu. Nilikuwa nimekipitisha kwenye nyuzi 300 kwa mikono yangu na kikatoka safi. Nilichokuwa nimekisahau ni kwamba joto na mwanga vinapiga kwa namna mbili. Joto linautikisa mnyororo mzima kwa pamoja, na mnyororo mgumu unastahimili kutikiswa. Chembe moja ya mwanga wa urujuanimno haitikisi. Inatua kwenye kifungo kimoja ikiwa na nguvu ya kutosha kukikata, na pete za benzini zinazoipa poliimidi ugumu wake ndizo zinazoimeza miale hiyo kwa pupa. Kwa jua la miaka, nje, ipo karatasi nyingine, ETFE, polima ya florini iliyoezeka mabanda ya bustani ya Eden Project kule Uingereza tangu 2001. Miale hiyo inapita ndani yake bila kumezwa, kwa hiyo haina cha kukata. Bei yake haifiki mwaloni, kwa sasa.

Marekebisho yalichukua siku mbili. Fundi alikwangua kutu, akapaka rangi nyeupe upande wa juu wa kila bomba. Juu ya rangi tukafunga utepe wa turubai jeupe ili nailoni isigusane na chuma hata kidogo. Badala ya misumari tulikaza kwa vipande vya tyubu za baiskeli, ambavyo vinaivuta nailoni isipigepige upepo ukija. Karatasi tuliagiza yenye dawa ya urujuanimno, na safari hii niliomba maelezo ya kiwandani kabla sijalipa. Nilipima tena saa saba mchana: juu ya utepe nyuzi 51, katikati ya paa 47.

Nailoni hiyo imeshapita masika mbili. Dagaa wa mama hawana mchanga, na pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wachuuzi wanaomfahamu wanafungua gunia lake, wananusa, wanafunga, bila kutia mkono mpaka chini kama wanavyofanya kwa wengine. Majirani watatu wameshajenga ya kwao na fundi yuleyule, na wa tatu hakunishirikisha hata kidogo. Alikuja tu kupima upana wa utepe kwa shubiri.

Jumamosi huwa napitisha kidole chini ya kila bomba kutafuta mahali palipokauka. Jumamosi iliyopita, bomba la nne, kidole kiligusa kitu kilichofungwa. Ngazi ilikuwa imekwangua rangi na utepe wakati wa kusafisha paa, chuma kikabaki wazi kama urefu wa kiganja. Mama alikuwa ameshapaviringishia kipande cha kanga nyeupe iliyofifia, akakikaza kwa uzi wa nyavu, fundo mbili.